Mchezo unasifiwa, watu wanatoka wanalia, baada ya miezi mitatu umefungwa. Hivi kwa nini?

MtotoWaVuga

Salaam wanabaraza. Kuna uzi mmoja jamaa kaandika kwa kujiamini kabisa kwamba mchezo wa jukwaani ukifungwa mapema basi ulikuwa mbovu, kwa sababu soko halidanganyi. Sikutaka kumjibu kule kule, maana kule sasa hivi ni matusi matupu. Nimelileta hapa tulizungumze kiungwana.

Ninayoisemea ni michezo ya nyimbo, ile ambayo hadithi inaigizwa na pakifika penye uchungu au furaha watu wanaimba badala ya kusema. Ndiyo ya Broadway, zile kumbi kubwa za New York, na West End, zile za London. Wengi humu hatujakanyaga huko, lakini albamu tunazo kwenye simu. Ukikaa na albamu mwaka mzima, ukaijua mpaka pumzi za muimbaji, unaanza kuuliza mchezo wenyewe unachezwa wapi. Unaambiwa ulikufa zamani.

Chukueni The Bridges of Madison County, muziki wa Jason Robert Brown. Ulifunguliwa Februari 2014, Mei mwaka huo huo ukafungwa. Juni, mapambo yashavunjwa na waigizaji washatafuta kazi nyengine, ndipo ukapewa tuzo mbili za Tony, zile tuzo kubwa za Broadway, ya muziki na ya upangaji wa ala. Parade, wa huyo huyo Brown, uliishi kuanzia Desemba 1998 mpaka Februari 1999, maonyesho 84. Nao ulipewa Tony za muziki na maandishi ukiwa ushakufa. Mwaka 2023 ukarudishwa Broadway, na safari hii ukashinda Tony ya mchezo bora wa nyimbo uliorudishwa. The Scottsboro Boys, wa watunzi Kander na Ebb, ulichezwa mara 49 tu mwaka 2010, halafu mwaka uliofuata ukatajwa kugombea Tony 12. Haukupata hata moja, lakini hilo lina kesi yake.

Kama soko halidanganyi, basi wanaodanganya ni wale wote waliopiga kura za Tony? Mie naona baina ya "mzuri" na "unauzika" kuna jambo la tatu ambalo watu wanaliruka. Kwa mtazamo wangu michezo hii haikukosa wapenzi. Wapenzi wake hawakuwahi kufika kabla pesa hazijesha, basi. Karibuni mnipinge.

Pangu_Pakavu

Mzuri kwa nani? Kwa wahakiki na kwa nyie wenye albamu. Aliyelipa mlangoni ndiye mwenye neno. Tony hailipi mshahara wa mpiga ngoma.

Hesabu_Tu

Pangu_Pakavu, twende hapo hapo mlangoni basi, maana uzuri wa Broadway ni kwamba mauzo ya kila mchezo yanatangazwa kila wiki, kila mtu anayaona. Kwa sie watu wa mahesabu ni raha tupu.

Kuna mafungu mawili ya pesa, na watu huyachanganya. La kwanza ni mtaji: kujenga mandhari, kushona mavazi, kulipia mazoezi, taa, matangazo ya mwanzo. Mchezo mkubwa siku hizi unapita dola milioni 10 kabla pazia halijafunguliwa hata mara moja. Fungu la pili ni gharama za wiki: waigizaji, wapigaji, mafundi wa jukwaa, kodi ya ukumbi, matangazo, fungu la watunzi. Hizi zinalipwa kila wiki, maonyesho manane, ukumbi ujae au usijae. Mtaji ukishazama umezama, kufunga hakuurudishi. Linaloua mchezo ni fungu la pili.

Nipige mfano wa kubuni ili twende sawa. Mchezo unakula dola 700,000 kwa wiki. Wiki ya kwanza unauza 550,000, pengo 150,000. Waliotazama wametoka macho mekundu, wanawasimulia ndugu na majirani. Wiki ya pili mauzo 580,000. Ya tatu 610,000. Mchezo unapendwa, unapanda kila wiki, na kila wiki unapoteza pesa. Ukiendelea kwa mwendo huo, wiki ya sita ndipo utatoka sare, na njiani ushachoma 450,000. Mwenye akiba ya nusu milioni kapona, na pengine mchezo wake utakaa miaka mitano. Mwenye akiba ya 300,000 amekwama wiki ya tatu. Mchezo ni ule ule, watu ni wale wale, na sifa ni zile zile. Kesho yake magazeti yanaandika "ulikosa watazamaji", ilhali watazamaji walikuwa njiani wanakuja.

Na hapo sijamtia mwenye ukumbi. Broadway ina kumbi 41, na nyingi ziko mikononi mwa kampuni tatu. Mikataba ya ukumbi huwa na kifungu kwamba mauzo yakishuka chini ya kiwango walichokubaliana kwa wiki mbili mfululizo, mwenye ukumbi ana haki ya kukutoa. Yeye naye hana roho mbaya. Nje pana mchezo mwengine una mtaji mkononi unasubiri paa, na yeye analipwa asilimia ya mauzo. Kwa nini akae na wewe unayepanda polepole?

Ndiyo maana watu wa biashara hiyo wenyewe husema ni mmoja tu kati ya mitano unaorudisha pesa za wawekezaji. Some Like It Hot wa 2022 ulitajwa kugombea Tony 13, ukachukua nne, ukakaa mwaka mzima, na bado ukafungwa bila ya kurudisha mtaji wake wa dola milioni 17.5.

MtotoWaVuga

Mwaka mzima na Tony nne! Basi hata "kufungwa mapema" si suala la miezi, ni suala la hesabu haijafunga.

Hesabu_Tu

Ndiyo. Kwenye ukumbi wenye gharama ndogo, maonyesho yale yale yangeitwa ushindi.

BintiWete

Salaam nyote. Kaka Hesabu umesema pesa, mie nasema kalenda.

Sisi hapa nani hajui? Hakuna mtu mwenye akili zake atakayefungua mchezo Ramadhani. Siku za vunja jungu watu wana shughuli zao, na pesa inakwenda kwenye chakula na safari ya ufukweni. Masika barabara za shamba hazipitiki usiku. Ukitaka watu, ni Idd, mtoto kavaa nguo mpya na mzazi kashajitayarisha kutumia, au ni baada ya karafuu kukauka na kuuzwa. Ukikosea kalenda, hata ulete malaika waimbe.

Broadway nao wana yao. Januari na Februari, sikukuu zimeisha na baridi kali, mauzo yanaporomoka na michezo inafungwa kwa mkururo. Halafu kuna msongamano wa Machi na Aprili, kila mtu anakimbilia kufungua kabla mlango wa Tony haujafungwa mwishoni mwa Aprili. Michezo inafunguliwa wiki moja mitatu minne, wahakiki wale wale, magazeti yale yale, mtalii yule yule mwenye pesa ya tiketi moja. Tuck Everlasting ulifunguliwa mwishoni mwa Aprili 2016, mwisho wa Mei ushafungwa, maonyesho 39. Bright Star, ulioandikwa na Steve Martin na Edie Brickell, ulianza Machi mwaka huo huo na Juni ukaisha. Wote wapole, wenye nyimbo nzuri, na waliouona wanausemea mpaka leo. Lakini huo ndio mwaka wa mchezo wa Hamilton. Hamilton ilichukua Tony 11. Nani angekuwa na masikio ya kusikia kitu chengine?

Na yametupata na sisi. Kikundi chetu tuliwahi kuweka mchezo wa kuigiza wenye nyimbo ndani yake katika ukumbi mmoja Chake. Usiku wa kwanza, mashoga zangu na jamaa za waigizaji. Tiketi ni vikaratasi vya waridi tumevikata wenyewe kwa mkasi, muhuri tumepiga kwenye meza ya plastiki, nusu yake wino umefutika. Wa pili, wachache zaidi. Wa tatu, ndio wa mwisho tuliolipia, wakaanza kuja watu tusiowajua. Wanawake watatu wametoka Vitongoji na watoto wamelala mabegani, mmoja ananambia, "Tumesikia jana kuna mchezo wa yule mke aliyeachwa kwa simu." Jana! Siku tatu tumepiga kelele, wao wamesikia jana, na wameacha shughuli zao wakaja. Asubuhi yake ukumbi una harusi, viti vishaanza kufungwa vitambaa. Nani angewangoja watu wa Vitongoji?

Pangu_Pakavu

Bibie hapo umenigusa, siwezi kusema uongo.

Lakini msigeuze kila kifo kuwa dhulma. Mbona hamjautaja Merrily We Roll Along? Mashabiki wote huutaja huo kwanza. Mtunzi Stephen Sondheim na muongozaji Harold Prince, 1981, maonyesho 16 tu baada ya kufunguliwa rasmi. Leo unaitwa lulu, kwa sababu ulirudishwa 2023 na Daniel Radcliffe, yule wa Harry Potter, akiwemo, tiketi zikagombaniwa, na 2024 ukashinda Tony. Mashabiki wanasema, "Mnaona? Dunia haikuwa tayari."

Wee! Dunia ilikuwa tayari, mchezo ndio haukuwa tayari. Hadithi inakwenda kinyumenyume, unaanza na watu wa makamo walioharibikiwa unamaliza na vijana wenye ndoto. Waliocheza wote vijana wadogo, kwa hiyo mtoto wa miaka 20 anaigiza mzee, na mavazi yalitupwa dakika za mwisho wakavalishwa fulana zilizoandikwa kifuani huyu ni nani. Fikirini hapo: mtazamaji kalipa pesa yake, anasoma kifua cha mtu ili ajue kama huyu ni mke wa zamani au rafiki. Watu walikuwa wakitoka katikati. Huo wa 2023 umeandikwa na kupangwa upya mara kadhaa kwa miaka na miaka. Si mchezo ule ule.

Mwengine ni Carrie wa 1988, kutoka kitabu cha Stephen King. Jina kubwa, pesa nyingi, maonyesho matano. Waliokuwemo ukumbini wapo walioshangilia na wapo waliozomea usiku mmoja. Huo tuuite nini, wapenzi walichelewa gari?

MtotoWaVuga

Carrie sikukatai, yakhe. Ila kwa Merrily umenisaidia mwenyewe bila ya kutaka. Kasoro zake zilikuwa za kurekebishika, na zikarekebishika. Zilihitaji nini? Muda. Na muda ndio kitu ambacho gharama za wiki hazikupi. Zamani mchezo ulizungushwa miji mengine kwanza, Boston, New Haven, Philadelphia, watunzi wanakesha hotelini wanaandika nyimbo mpya. Siku hizi wapo wanaoanza mazoezi ya mbele ya watu pale pale New York, na mtandao unawahukumu usiku wa kwanza.

Ganuni_Kongwe

Wanangu, nimewasoma tokea juu. Mimi ni mpigaji wa taarab, umri umekwenda, na huko Broadway nakujua kwa kusikia tu. Lakini suala lenu nalijua.

Katika klabu zetu wimbo haufungwi. Mkishajua kwa nini, mtajua na hao wenzenu kwa nini wanafungiwa.

Ikhwan Safaa ni ya tangu 1905. Culture Musical Club ni ya 1958. Hakuna mchezo wa Broadway uliokaa umri huo. Siri yake si kwamba sisi tunatunga vizuri kuliko watu. Siri yake ni klabu. Wapigaji ni wanachama. Jioni mtu anatoka kazini kwake, anapita nyumbani, anakuja klabu na fidla yake, tunapiga mpaka usiku. Wimbo mpya tunaupika miezi, hakuna mtu anayegonga mlango Jumatatu anataka kodi ya wiki. Ukitoka ukiwa haujapendwa, tunauweka. Mwaka wa pili mtu kauomba harusini, umepigwa redioni, watu wanauliza ule wimbo uko wapi. Unarudi. Nyimbo ngapi zimeanza kwa kuzomewa na leo bila ya kupigwa harusi haijakamilika!

Jambo la pili. Anayekuja kwenye taarab anaijua nyimbo kabla hajatoka kwake. Anaisubiri. Ikianza tu ganuni ile taksim ya kufungulia, keshanyanyuka kitini, noti mkononi, anakwenda kwa mwendo wa madaha mpaka jukwaani kumtunza muimbaji, na akifika kwenye ubeti wake, ule unaomchoma shoga yake aliyekaa meza ya tatu, anazungusha noti ile hewani mara mbili ndipo aitoe. Yeye hakuja kutazama. Kaja kusema lake kwa mdomo wa muimbaji. Mchezo mpya wa nyimbo mpya hauna mtu huyo. Watu wamekaa gizani, nyimbo hawazijui, wanangojea washawishiwe.

Zamani akina mama walikuwa na vyama vyao, Sahib el-Ari na Nur el-Uyun, na ushindani ulikuwa wa moto. Mtu alikuwa na upande. Hakuna aliyeuliza mchezo mzuri au mbaya, alikuja kwa sababu upande wake unaimba usiku ule. Hayo matangazo ya mapesa hayanunui.

Lakini nisije nikajisifu. Klabu hailipi mshahara. Vijana wangu wazuri wamekwenda kupiga mahotelini, nao wana watoto wa kulisha. Na hadithi ya saa mbili, yenye mwanzo na mwisho, waigizaji kumi na tano na mavazi, klabu ya kujitolea haiwezi kuibeba kila usiku. Hilo mwanangu BintiWete ulilolifanya Chake ni kazi nzito.

BintiWete

Shikamoo babu. Hayo ya meza ya tatu yameniua kwa kicheko.

Ganuni_Kongwe

Marahaba mwanangu. Yapo mpaka leo.

Mkunazini_London

Niongeze la mnunuzi, maana nimeishi London muda mrefu. Watu wanafikiri kumbi za Broadway zinajazwa na watu wa New York. Wengi wa watazamaji ni wageni wa mji, watalii. Tiketi wastani inapita dola 100. Baba kaja na mke na watoto wawili, ananunua usiku mmoja katika maisha yake. Unadhani atajaribu mchezo asiousikia? Anakwenda The Lion King, upo tangu 1997, kila mtu kwao kashamwambia ni mzuri. Hatafuti kilicho bora, anaogopa kujuta. Mchezo mpya mtamu unamtegemea mwenyeji mwenye kupenda sanaa, na wenyeji wa namna hiyo wakishamaliza kuuona, ambao ni wiki kumi au kumi na mbili hivi, nyuma yao hakuna mtu.

Na mapenzi hayasafiri na mchezo. Chess, wa wale wanaume wawili wa ABBA na Tim Rice, ulikaa London miaka mitatu kuanzia 1986. Ukapelekwa Broadway 1988, wakaubadilisha hadithi, ukafa baada ya maonyesho 68. Nyimbo zake watu wanaziimba mpaka kesho.

Pangu_Pakavu

Kwa hiyo dawa ni jina kubwa. Chukua filamu inayojulikana, chukua nyimbo ambazo watu wanazijua. Mamma Mia! ilikaa Broadway karibu miaka 14.

Hesabu_Tu

Jina linakununulia wiki za mwanzo tu. Bridges ulikuwa na jina: kitabu kilichouzwa dunia nzima na filamu ya Clint Eastwood ya 1995. Haukumaliza miezi mitatu. Aliyeipenda filamu alikaa nayo nyumbani.

MtotoWaVuga

Hapo ndipo nilipotaka tufike, kwa sababu kuna michezo miwili ambayo ilitakiwa ife ikakataa, na yote haikuokolewa na jina.

Wa kwanza The Wiz. Hadithi ya mchawi wa Oz, waigizaji wote Wamarekani weusi, muziki wa Charlie Smalls. Ulifunguliwa Januari 5, 1975 ukumbi wa Majestic (wa New York, si Majestic yetu ya Vuga, msianze). Tangazo la kufunga lilikuwa limeshabandikwa usiku ule ule wa ufunguzi. Mapitio ya magazeti mchanganyiko. Kilichofanyika ni kwamba pesa ya ziada ilitolewa, likatengenezwa tangazo la televisheni lenye kipande cha wimbo, na habari ikapita baina ya watu weusi wenyewe, ambao Broadway ya wakati ule haikuwa ikihangaika kuwaita. Wakaja. Walijaa. Ukachukua Tony saba, ukiwemo mchezo bora wa nyimbo, na ukachezwa mara 1,672 mpaka 1979.

Tizameni hapo. Watazamaji wake walikuwepo siku zote, mji ule ule, wana pesa ya tiketi. Ila hakuna aliyewapelekea habari, na njia ya kawaida ya habari, mhakiki wa gazeti kubwa, haikuwa njia yao. Mchezo ungefungwa wakati ule tungesema leo ulikosa watazamaji.

Wa pili wa juzi tu. Maybe Happy Ending, hadithi ya maroboti mawili yaliyozeeka yaliyotupwa kwenye jengo la wastaafu huko Seoul. Ulianzia Korea Kusini kabla ya kufika Broadway Novemba 2024. Jina hakuna anayelijua, hadithi ukiisimulia inaonekana ya ajabu, wiki za mwanzo mauzo dhaifu mpaka watu wakaanza kutabiri siku ya mazishi. Lakini ni mchezo wenye watu wachache jukwaani, waigizaji wanne tu, na waliouingiza walivumilia. Neno likatembea. Sikukuu za Desemba zikaubeba. Juni 2025 ukachukua Tony sita, na ya mchezo bora ikiwemo. Mwezi huo huo wa Juni, Real Women Have Curves na Dead Outlaw, yote imetajwa kwenye Tony na wahakiki waliipenda, ilifungwa siku moja, tarehe 29. Mtu akinambia hiyo miwili ilikuwa mibovu na ule mwengine mzuri, nitamuomba anioneshe ubovu wenyewe uko wapi.

Pangu_Pakavu

Nakupa The Wiz. Maybe Happy Ending nakupa nusu, kwa sababu waigizaji wanne ni uamuzi wa kibiashara, si bahati. Mtunzi mwenye akili anaandika akijua nani atalipa.

Hesabu_Tu

Hilo la nusu ndilo zito zaidi kuliko yote yaliyosemwa humu, na mwenyewe umelipitia mbio. Ukumbi wa viti 1,000 na watu wanne jukwaani, na ukumbi wa viti 1,500 na watu 30 na wapigaji 20, hata wakipendwa sawa sawa, wa kwanza una miezi ya kungojea na wa pili una wiki. Scottsboro Boys, Parade, Bridges, hadithi za huzuni, za watu wazima. Hadithi ya namna hiyo siku zote huanza polepole, na wao wakaitia kwenye nyumba yenye kodi ya hadithi ya haraka.

Mkunazini_London

Na Scottsboro ulikuwa na waandamanaji mlangoni. Mchezo ulisimulia vijana weusi waliosingiziwa kubaka Alabama 1931, na uliusimulia kwa mtindo wa zile tamasha za zamani za kuwakejeli weusi, kwa makusudi, ili uuumbue. Waliosikia bila ya kuuona wakadhani unawakejeli kweli. Huo neno lilitembea haraka, ila lilikuwa neno la watu wasioingia.

Chumvi_ya_Wawi

Mie nasoma tu. Ila swali: kwa nini hapa kwetu tusiweke kitu Ngome Kongwe, wageni si wapo kila usiku?

BintiWete

Wageni wapo, kaka yangu, lakini mgeni hawezi kukaa saa mbili anasikiliza Kiswahili cha mafumbo. Atakuja nusu saa, apige picha, aende Forodhani kula. Ukimpunguzia mafumbo ili akae, wenyeji wanaondoka. Na Ngome ni wazi juu, mvua ikija imekuja.

Mimi nimeshaamua nitakavyofanya mara nyengine, na maneno ya babu Ganuni ndiyo yaliyonifungua. Nyimbo nitazitoa kwanza. Miezi miwili kabla, mbili au tatu, redioni na kwenye makundi ya simu, zipigwe harusini hata bila ya watu kujua zina mchezo. Mtu akishajua ubeti, tutamwambia: mke aliyeimba hivi, kisa chake kinachezwa Idd pili. Halafu sichukui siku tatu mfululizo tena. Nachukua usiku mmoja, naacha wiki, nachukua mwengine. Watu wa Vitongoji wasikie jana, waje wiki ijayo.

Ganuni_Kongwe

Usiku mmoja mmoja ni busara. Wapigaji nao watakupa, maana hukuwafunga wiki nzima. Ila usipunguze fidla. Fidla mbili ni za harusi ya mjini, kisa cha kuachwa kinataka nne.

Hesabu_Tu

Fidla nne na jenereta na nauli ya boti ya wapigaji kutoka Unguja, dada. Na ukiacha wiki katikati, unalipa nauli mara mbili au unawalaza. Nitumie bei ya ukumbi wa Idd pili na bei ya Jumamosi ya kawaida, na idadi ya viti, nikupangie.

BintiWete

Viti 220 vya plastiki, vya ziada tunaazima skuli. Bei ya Idd mwenye ukumbi hataki kuitaja kwa simu, anataka niende.

Hesabu_Tu

Nenda. Na usimwambie ni mchezo wa nyimbo. Mwambie ni shughuli.